Kichwa kidogo, akili ndogo? Sivyo kwa ndege

Wengi huamini kwamba ndege hana akili kwa kuwa ubongo wake ni mdogo, na lolote alifanyalo ni silika tu. Lakini ukubwa peke yake hausemi mengi. Mwaka 2016 watafiti walihesabu seli za neva za spishi 28 za ndege, wakakuta kasuku na ndege waimbao wana seli takriban maradufu ya zile za wanyama wa jamii ya nyani wenye ubongo wa uzito uleule. Zimeshindiliwa tu, kama nguo kwenye sanduku dogo.

Kunguru naye huhesabiwa miongoni mwa ndege waimbao (usicheke). Huko Oxford, kunguru jike wa Kaledonia Mpya (visiwa vya Bahari ya Pasifiki) aitwaye Betty aliwekewa kindoo cha chakula ndani ya bomba lililosimama. Mwenzake alikuwa ameondoka na waya wenye ndoano. Betty akachukua waya ulionyooka, akaibana ncha moja, akaukunja kwa mdomo, akaopoa kindoo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2002. Baadaye ilibainika kwamba kunguru wa aina yake hukunja vijiti hata porini, kwa hiyo huenda hakubuni kila kitu papo hapo. Ila waya si kijiti.