Kudokeza kwa Kiingereza: yanayodhaniwa na yalivyo

Akufukuzaye hakwambii toka, na Kiingereza nacho kina namna zake za kumwonyesha mtu mlango bila kuutaja. Makosa yafuatayo huonekana sana kwenye barua na ripoti, kuanzia Arua hadi Kampala, kote Uganda.

Dhana: Ni sahihi kuandika "I hinted him".
Ukweli: Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na chanzo chake ni lugha zetu wenyewe. Kiswahili humtia mtu ndani ya kitenzi: nili*m*dokezea. Kiluganda nacho kina *mu* yake pale pale. Kiingereza kinadai "to" kwanza: "I hinted to him that the rent was late." Kinachodokezwa kikiwa jina tupu badala ya sentensi, weka "at": "She hinted at a pay rise." "Imply" ni bahili zaidi, kwa kawaida haitaji mtu baada yake: "He implied that the stock was finished," basi. "Suggest" nayo haimpokei mtu bila "to". Usiandike "He suggested me to wait", andika "He suggested that I wait."

Dhana: "Hint", "imply" na "insinuate" ni mamoja.
Ukweli: Sumu yake haifanani. Mbili za kwanza hubeba jema na baya. "Insinuate" ni kijembe, hubeba baya tu. Mzazi anayemwandikia mwalimu "You insinuated that my son is bright" anasikika kana kwamba mtoto ametukanwa.

Dhana: "Infer" ni "imply" ya wasomi.
Ukweli: Wa "imply" anatoa dokezo, wa "infer" analipokea. Mwenye duka wa Busia akisema "Here everyone pays cash", yeye ndiye aliye-"imply" kwamba hakopeshi. Wewe uliyerudisha daftari la madeni mfukoni ndiye uliye-"infer". Hata Waingereza wenyewe huyachanganya wakiongea, ila kwenye mtihani usijaribu.

Dhana: "What are you implying?" ni kuomba ufafanuzi.
Ukweli: Ni kukunja mikono ya shati. Inakaribia "Unataka kusema nini wewe?" Kwa mkubwa wako kazini, taja ulichoelewa kisha uulize: "Do you mean we should close earlier?"

Dhana: "A broad hint" ni dokezo la juujuu.
Ukweli: Kinyume kabisa. Ni dokezo la wazi kiasi kwamba anayelikosa amejitakia. Nayo "beat about the bush" si kudokeza, ni kuzungukazunguka bila kufika kwenye hoja.

Dhana: "You are lost!" inaeleweka popote.
Ukweli: Uganda kila mtu anaisikia lawama iliyomo: umepotea, hata kutusalimia huji. Mtu wa London atadhani unamwambia amekosea njia, na pengine atatoa simu aangalie ramani. Kwake andika "I haven't seen you in ages." Rafiki yako wa Mbale mwachie ile ile.