Kujiondoa kwenye mkataba wa simu Uingereza ndani ya siku 14

Mtu aliyezoea laini ya kulipia kabla, kama walivyo wateja wengi wa Tanzania na Kenya, huona kuachana na kampuni ya simu ni suala la kutoa laini na kuweka nyingine. Akifika Uingereza na kusaini mkataba wa kulipa kila mwezi, ambao mara nyingi huwa wa miezi 24, hukuta bili zinaendelea kuja hata kama ile simu imelala kabatini bila chaji. Sheria ya huko inampa mteja haki ya kujiondoa katika siku za mwanzo, lakini katika kazi yangu ya kuwashauri walaji nimeona kwamba wengi wanaoikosa haki hiyo hawaikosi kwa kuchelewa. Huikosa kwa sababu walidhani kila mkataba unayo, au kwa sababu walijiondoa kwa njia ambayo kisheria haihesabiki kuwa ni kujiondoa.

Swali langu la kwanza kwa kila anayenijia ni moja: ulisaini wapi? Kanuni za Mikataba ya Walaji za mwaka 2013, zilizoanza kutumika tarehe 13 Juni 2014, zinatoa siku 14 za kubadili mawazo kwa mikataba iliyofungwa mtandaoni, kwa simu, au nje ya eneo la biashara la muuzaji, kwa mfano mlangoni kwako. Huhitaji kutoa sababu yoyote. Ukiingia dukani kwa miguu yako, ukachagua simu na kusaini mbele ya muuzaji, sheria hiyo haikupi hata siku moja, na unachoweza kutegemea ni utaratibu ambao duka lenyewe limejiwekea. Baadhi ya maduka hukubali kurudishiwa na mengine hayakubali, na yote yamo ndani ya haki yao.

Kati ya hali hizo mbili pana eneo ambalo hata wauzaji wenyewe hulikosea. Ukihifadhiwa simu kupitia mtandao kisha ukaenda kulipa na kusaini dukani, mkataba wako ni wa dukani. Lakini ukikamilisha mkataba wote mtandaoni na dukani ukaenda kuchukua boksi tu, haki ya siku 14 unayo. Vilevile, kama muuzaji alikusimamisha njiani, akazungumza nawe ana kwa ana kuhusu ofa, kisha papo hapo akakuingiza dukani kusaini, sheria inauhesabu mkataba huo kuwa umefungwa nje ya duka. Wateja wengi huambiwa kwenye kaunta kwamba “umesaini dukani, basi,” wakakubali na kuondoka, ilhali maelezo ya namna walivyofikishwa pale yangewapa haki kamili. Anayeongeza mkataba wa zamani kwa kupiga simu naye hufunga mkataba mpya wa mbali, na siku 14 anazo sawasawa na mteja mgeni.

Hesabu ya siku si ngumu, ila ina sehemu mbili. Mkataba wa laini peke yake huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyoingia mkataba, na mkataba wa laini pamoja na simu huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyokabidhiwa simu. Kwa hiyo, ukipokea simu tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4, na muda unakwisha mwisho wa tarehe 17. Hizi ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kampuni isipokueleza kabisa kwamba unayo haki hii, muda unaweza kurefushwa hadi miezi 12 zaidi, na ndiyo maana nawaomba wateja waniletee barua pepe ya kwanza waliyotumiwa kabla hata hawajanieleza malalamiko yao.

Kujiondoa kwenyewe ni tamko. Fomu maalumu ipo, lakini hulazimiki kuitumia. Kinachotakiwa ni maneno yasiyo na utata, yaliyotumwa kabla muda haujaisha. Tamko kwa mdomo nalo linakubalika kisheria, ila jukumu la kuthibitisha kwamba ulilitoa ni lako, na mazungumzo na kituo cha huduma kwa wateja ni ushahidi dhaifu mno mikononi mwa mteja. Mimi hupendekeza barua pepe fupi ya namna hii: “Mimi, mwenye akaunti namba fulani, ninajiondoa kwenye mkataba nilioufunga tarehe fulani, kwa mujibu wa haki ya siku 14. Tafadhali nijulishe namna ya kurudisha simu.” Iandikwe kwa Kiingereza, bila shaka. Kama kampuni imetenganisha malipo ya kifaa na malipo ya huduma katika hati mbili, taja namba za hati zote mbili. Usijaze aya za kulalamika kuhusu mtandao mbovu au muuzaji mwongo, kwa kuwa malalamiko humpa mhudumu nafasi ya kuligeuza tamko lako kuwa ombi la kurekebishiwa huduma, kisha siku zikapita huku mkijibizana.

Baada ya hapo una siku 14 nyingine za kuirudisha simu, na kampuni ikishaipokea ina siku 14 za kukurudishia fedha. Unaruhusiwa kuitazama simu na kuijaribu kwa kadiri ambayo mtu angeijaribu dukani. Ukizidisha hapo hadi ikapata mikwaruzo au kupungua thamani, kampuni inaweza kukata fidia. Toa akaunti zako zote kwenye simu kabla ya kuifungasha, kwa sababu simu iliyofungwa kwa nenosiri la mteja huzua mgogoro usiokwisha, na uitume kwa njia yenye stakabadhi. Hapa niongeze onyo: wapo matapeli wanaojifanya ni kampuni yako, wakupigie kusema umeletewa simu kwa makosa na wakupe anwani ya kuirudisha. Anwani ya kutumia ni ile iliyo kwenye hati zako, si unayosomewa na mtu aliyekupigia yeye.

Huduma uliyotumia kabla ya kujiondoa utailipia kwa uwiano, ikiwa uliomba ianze mara moja, na fomu nyingi za kujiunga huwa na sehemu hiyo. Kifurushi cha pauni 20 kwa mwezi wa siku 30, kikitumika siku 6, ni pauni 4. Dakika za kupiga Dar es Salaam au Mombasa zilizo nje ya kifurushi hulipiwa zote.

Mambo mawili hufanywa na watu kwa nia njema na huwaharibia. La kwanza ni kuomba PAC, yaani msimbo wa kuhamisha namba, kwa kutuma ujumbe kwenda 65075 ili wahame na namba yao, wakidhani kuhama ndiyo kujiondoa. Utaratibu huo, ulioanza Julai 2019, umerahisisha mno kuhama, lakini unavunja mkataba kwa njia ya kawaida, na kampuni inaweza kuhesabu kwamba umeondoka mapema na kukudai ada ya miezi iliyobaki. Tuma tamko la kujiondoa kwanza, ueleze humo kwamba unataka kuhama na namba, ndipo uombe msimbo. La pili ni kusimamisha makato ya benki na kunyamaza. Mkataba haujafa, deni linakua, na likiandikwa rasmi kuwa limeshindwa kulipwa hukaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo, ambayo husomwa na mabenki na hata baadhi ya wenye nyumba.

Aliyesaini dukani naye hajafungiwa kila kitu. Simu ikiwa na kasoro, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha, lakini haki hiyo inahusu ubovu, si kubadili mawazo. Pia, tangu Juni 2022 kampuni zinatakiwa kumpa mteja muhtasari wa mkataba kabla hajasaini, na tangu tarehe 17 Januari 2025 mikataba mipya inapaswa kutaja ongezeko lolote la bei kwa pauni na peni. Kampuni ikipandisha bei kinyume na kilichoandikwa humo, mteja anaweza kutoka bila adhabu.

Kampuni ikikataa tamko lililotumwa kwa wakati, peleka malalamiko rasmi kwake kwa maandishi na uombe barua ya msimamo wake wa mwisho. Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano Uingereza, haiamui mashauri ya mtu mmoja mmoja. Kila kampuni ya simu lazima iwe mwanachama wa chombo huru cha usuluhishi, ama Communications Ombudsman ama CISAS. Mteja halipi chochote kufungua shauri huko, na akiukubali uamuzi, kampuni inalazimika kuutekeleza.