Kukaza shokapu: maana yake nini hasa?

"Kaza shokapu, leo nina abiria mzito." Kauli hiyo si ngeni kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Tanga, na wengi wanaoitoa wanaamini kwamba springi ikikazwa inakuwa ngumu. Haiwi ngumu. Nami niliamini hivyo mpaka mzee mmoja fundi wa Ngamiani aliponikalisha kwenye benchi lake na kuniambia: "Mwanangu, waya ni ule ule, unene ule ule, mizunguko ile ile. Ugumu utoke wapi?"

Chuchumaa uitazame shokapu ya nyuma. Kwenye ncha moja ya springi, mara nyingi ya chini, utaona pete ya chuma iliyokatwa vidato kama ngazi ndogo. Pikipiki nyingi zenye shokapu mbili huwa na vidato 5. Ukiizungusha pete kwa spana ya ndoano, inapanda kidato kimoja na kuisukuma springi, hivyo springi inabanwa kabla mtu yeyote hajakaa. Kukaza shokapu ni huko tu: kuipa springi mbano wa awali.

Tufanye hesabu. Tuseme springi zako mbili kwa pamoja hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 3. Wewe umeshakaa, kisha anapanda abiria ambaye kilo 60 za uzito wake zinaangukia nyuma. Pikipiki itashuka milimita 20. Sasa panda vidato mpaka springi ibanwe milimita 10 zaidi, umpandishe abiria yule yule. Itashuka milimita 20 zile zile! Tofauti ni kwamba safari hii imeanza kushuka ikiwa juu zaidi kwa milimita 10. Kilichobadilika ni kimo, na kimo ndicho tunachokihitaji.

Abiria hukaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo uzito wake mwingi haufiki mbele. Nyuma inachuchumaa, mbele inakuwa nyepesi, usukani unachelewa kuitikia kwenye kona, na usiku taa inamulika minazi badala ya barabara. Baya zaidi, nafasi ya shokapu kucheza imekwisha kuliwa na uzito. Ukiingia shimoni inafika mwisho na kugonga chuma kwa chuma, na kile kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa nyuma.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mama yangu ana maumivu ya mgongo na kwa muda mrefu nilikuwa nikimpeleka Pongwe na shokapu zikiwa kwenye kidato cha kwanza. Kila tuta alikuwa akinishika bega kwa nguvu bila kusema neno. Nilipopanda vidato viwili, mkono wake ulitulia.

Ukitaka kupima badala ya kukisia, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kwa futi kamba kutoka kwenye nati ya ekseli hadi alama moja kwenye fremu iliyo juu yake. Kisha ishushe, mkae wote wawili, mwenzenu wa tatu apime tena. Tofauti ikiwa kama theluthi moja ya mchezo wote wa gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka, mko vizuri. Kwa gurudumu linalocheza milimita 90, hiyo ni milimita 30 hivi. Ikizidi sana, panda kidato. Pande zote mbili ziwe kwenye kidato kimoja, la sivyo uma wa nyuma, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, unapinda kila unapobonyea.

Huku kwetu pwani kuna adui mwingine: chumvi. Pete ambayo haijaguswa mwaka mzima inashikwa na kutu, na kijana akiilazimisha kwa patasi na nyundo anavunja vidato. Isugue kwa brashi ya waya, tia oili, iache inywe, ndipo uzungushe.

Na kama shokapu inavuja oili, kukaza hakutaitibu. Springi kazi yake ni kubeba; oili ndiyo inayozuia pikipiki isiendelee kudunda baada ya tuta. Shokapu iliyovuja ukiikaza, nyuma itakuwa juu, lakini itarukaruka vile vile. Hiyo ni ya kubadilishwa.

Ukimaliza, ongeza upepo wa tairi la nyuma kwa kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya watu wawili, kisha kagua cheni mkiwa mmekaa wote, maana cheni iliyoonekana sawa kwenye stendi hukaza uma unapobonyea. Siku ukiwa peke yako, shusha vidato. Ukiviacha juu, nyuma itadunda kwenye kila kokoto.