Doriani la volkano si aina mpya

Doriani la volkano la Sisaket, kaskazini-mashariki mwa Thailand, wengi hulidhania aina ya pekee. Sivyo. Ni Monthong, Chanee au Kan Yao, zilezile za mikoa mingine. Wala hakuna mlima unaofuka moshi: udongo mwekundu wa wilaya za Kantharalak, Khun Han na Si Rattana umetokana na miamba ya kale ya basalti, yaani lava iliyoganda. Faida yake kubwa ni kupitisha maji upesi. Yakituama, kimelea cha Phytophthora huozesha mizizi na mti hufa.

Alama ya asili ya kijiografia, yaani ulinzi wa kisheria wa jina la zao la mahali fulani, ambayo doriani hili linayo, hulinda jina, si utamu. Monthong likikatwa kabla ya siku kama 120 tangu kuchanua, na nyama yake haijafikia asilimia 32 ya ukavu (kinachobaki maji yakiondolewa), litabaki chapwa, udongo wowote ule.