Una kitambulisho mfukoni, njia ya panya ya nini?

Ndugu zetu wengi wanaovuka Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hawajui kwamba kupita pembeni ya ofisi ya uhamiaji ni kosa la jinai, hata kama wewe ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na haudaiwi viza. Mkenya au Mnyarwanda anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tu tangu 2014, lakini lazima apite pale dirishani aandikishwe. Sasa mtu anafika anaona laini ndefu, boda anamwambia twende huku nyuma ya maduka dakika tano tu, anakubali, na kitambulisho halali anacho mfukoni! Kosa limeshafanyika hapo.

Shida inakuja baadaye, amepata kazi Kampala anataka kibali, afisa anauliza uliingilia wapi, hana jibu. Ndo anatokea wakala na muhuri wake wa kugonga kwenye paspoti. Tafadhali, usikubali. Ulikuwa na kosa moja, ukiitumia hiyo paspoti unajua kabisa muhuri ni feki unaongeza lingine zito zaidi, na wakala hutamuona kizimbani. Nenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji ujieleze mapema, kesi ya aliyejileta na ya aliyekamatwa na muhuri feki hazilingani.

Kumwazima mtu paspoti yako pia ni kosa, hata akiwa ndugu wa damu. Kudanganya kwenye fomu, kosa. Na mabosi mnaoajiri mgeni asiye na kibali, nyinyi pia mnashtakiwa, sio yeye peke yake.

Wanaokimbia vita hao habari yao ni tofauti, na hili naomba lifike Kisoro, Bundibugyo, kote huko mpakani na Kongo. Mkongomani aliyevuka Bunagana usiku na watoto, hana karatasi hata moja, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamlinda asiadhibiwe kwa kuingia hivyo, ila inamtaka aombe hifadhi ndani ya siku 30. Wengine wanakaa kwa jamaa miezi wakiogopa kufungwa, kumbe kujificha ndo kunawaharibia. Kama unaye nyumbani mtu wa namna hiyo, mpeleke akajiandikishe wiki hii.