Moyo ukipanuka, umeme hupata pa kuzunguka

Wimbi la umeme linalopita kwenye misuli ya moyo lina urefu, na urefu huo unapigiwa hesabu kwenye karatasi. Zidisha mwendo wa wimbi kwa muda ambao seli hupumzika baada ya kusisimka. Katika vyumba vya juu vya moyo wenye afya, wimbi huenda takriban sentimita 70 kwa sekunde, na seli hupumzika kama robo sekunde. Jibu ni sentimita 17 hivi.

Mimi hutengeneza modeli za kompyuta za umeme wa moyo hapa Dar es Salaam, na namba hiyo ndiyo ninayoiangalia kwanza. Wimbi hili ni kama moto wa nyika: haliwezi kurudi lilikopita mpaka nyasi zichipue. Likitaka kuzunguka na kujiwasha upya, sharti lipate duara lisilopungua urefu wake. Kwenye moyo wenye afya duara la namna hiyo ni la nadra.

Seli yenyewe tunaiandika kwa milinganyo. Ikiwa imetulia, ndani yake kuna kama milivolti 80 chini ya nje. Sodiamu huingia kwa kasi, kalsiamu hufuata, kisha potasiamu hutoka na kuirudisha seli mahali pake. Denis Noble, mwanafiziolojia wa Uingereza, alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba milinganyo ya aina hii inaweza kutoa pigo la seli ya moyo; alichapisha mwaka 1960, akiegemea kazi ya wanasayansi Hodgkin na Huxley juu ya neva ya ngisi. Modeli ya Courtemanche ya mwaka 1998, ambayo bado tunaitumia kwa vyumba vya juu, ina vigeu 21, yaani namba zinazobadilika, kwa kila seli.

Sasa chukua kipande cha msuli cha sentimita 10 kwa 10, weka nukta kila robo milimita: nukta 160,000. Muda nao unakatwa vipande vya milisekunde 0.02, yaani hatua 50,000 kwa kila sekunde ya moyo. Kila hatua, kila nukta ikokotolewe. Ndiyo maana kompyuta huachwa ikiunguruma usiku kucha, tukiomba umeme wa ukutani usikatike.

Kwenye skrini naanzisha wimbi upande wa kushoto, nalo linapita limenyooka. Linapokaribia kumalizika, nausisimua tena msuli kwenye robo ya chini, pale mkia wa wimbi la kwanza ulipo. Nikiwahi, hakuna kinachotokea. Seli bado zinapumzika. Nikichelewa, wimbi la pili linasambaa pande zote na kuisha. Kati ya hapo kuna mwanya mdogo wa milisekunde chache: wimbi linakwama upande mmoja, linapita upande mwingine, linajikunja, na linaanza kuizunguka ncha yake lenyewe. Kila nikiliona nasisimka upya. Nikipunguza ukubwa wa kipande, ncha inagonga ukingo na mzunguko unakufa.

Hesabu hiyo inasaidia pia kuelewa msiba uliotokea Marekani. Katika utafiti uitwao CAST, wagonjwa waliopona shambulio la moyo walipewa enkainidi na flekainidi, dawa zinazoziba njia za sodiamu, ili kuzuia mapigo ya ziada. Mapigo hayo yalipungua kweli. Lakini mwaka 1989 dawa hizo zilisimamishwa kwa kuwa waliozimeza walikufa zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Sodiamu ikizibwa, wimbi hupungua mwendo, na wimbi la polepole ni fupi. Karibu na kovu lililoachwa na shambulio, wimbi fupi hupata pa kuzunguka.

Kwetu kovu mara nyingi lina chanzo kingine. Mtoto anaumwa koo la bakteria, hatibiwi, baadaye homa ya baridi yabisi inaharibu vali kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Vali inabana, damu inajaa nyuma yake, chumba cha juu kinatanuka na kuota makovu. Mwendo ukishuka hadi sentimita 40 kwa sekunde na mapumziko yakawa sekunde 0.15, wimbi limebaki sentimita 6, ndani ya chumba kilichopanuka! Hapo ndipo fibrilesheni huingia: chumba hutetemeka ovyo, damu huganda, kiharusi hufuata, wakati mwingine kwa mama wa miaka 30.

Modeli nyingi tunazozikuta zimejengwa kwa mioyo ya wazee wa Ulaya na Marekani, na sikubali kuzichukua zilivyo. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulishatuonya: kwa wagonjwa wenye fibrilesheni ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, dawa za zamani za kuzuia damu kuganda za jamii ya warfarini zilifanya vizuri kuliko rivaroksabani iliyozoeleka kwingineko.

Kwa hiyo naanza na ukubwa wa chumba kama unavyoonekana kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kisha naongeza kovu kidogo kidogo. Vali ikifunguliwa, chumba kinaweza kusinyaa, lakini kovu halitoki, na wimbi linabaki fupi. Ndiyo maana wagonjwa wengi waliochelewa kutibiwa huendelea na fibrilesheni hata baada ya upasuaji uliofanikiwa, na ndiyo maana nataka wafike kwa daktari wakati chumba bado ni kidogo.