Masomo mseto chuoni: maana yake, na kinachopanuliwa yanapopanuliwa

Neno mseto wengi wetu tunalijua kupitia dawa mseto ya malaria. Kidonge kimoja kina dawa mbili: artemetha, inayofyeka vimelea haraka kisha ikaisha mwilini mapema, na lumefantrini, inayokaa siku kadhaa ikivimalizia vilivyobaki. Kila moja ina kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya, na zote mbili zinapambana na ugonjwa mmoja. Sijapata njia fupi zaidi ya kueleza masomo mseto yanavyopaswa kuwa.

Kwa maana yake ya kawaida, masomo mseto ni utaratibu ambao kozi moja, yenye krediti zake na mtihani wake, hufundishwa kwa sehemu ana kwa ana na kwa sehemu mtandaoni, na ile sehemu ya mtandaoni huchukua nafasi ya baadhi ya saa za darasani. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayosahaulika zaidi. Mhadhiri akipandisha slaidi zake kwenye mfumo wa masomo, kisha akaendelea kuhadhiri saa zote kama zamani, hiyo bado ni kozi ya kawaida, imeongezewa kabati la kuhifadhia makaratasi tu. Elaine Allen na Jeff Seaman, waliofuatilia kwa miaka mingi elimu ya mtandaoni nchini Marekani, waliuweka mpaka kwa tarakimu: kozi inayotoa mtandaoni kati ya asilimia 30 na 79 ya maudhui yake ni mseto, na ikifika 80 inahesabiwa kuwa ya mtandaoni. Vyuo vingine hupima kwa saa za darasani zilizopunguzwa. Kipimo chochote kinafaa, mradi chuo kichague kimoja na kiwaambie wanafunzi.

Kuna mambo matatu yanayofanana na masomo mseto ambayo watu huyachanganya nayo. La kwanza ni elimu ya masafa, kama ile ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1969, ambayo tangu mwanzo ilimlenga mtu asiyeweza kuhudhuria chuoni kila siku. La pili ni kile kilichotokea mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona na mihadhara ikahamia kwenye skrini ndani ya siku chache. Ule ulikuwa uokoaji. Wengi waliochoshwa na miezi ile wanadhani wameshayajaribu masomo mseto wakayakataa, na inaniuma kuwasikia, kwa sababu hawakupewa hata siku moja ya kukutana na mwalimu. La tatu ni mtindo ulioanzishwa na Brian Beatty katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco mnamo miaka ya 2005 na 2006, uitwao HyFlex: kila kipindi hupatikana darasani na mtandaoni, na mwanafunzi huchagua mwenyewe pa kushiriki. Ni mtindo mzuri kwa mtu mwenye kazi au mtoto mchanga, lakini ni mgumu kwa mhadhiri, anayelazimika kuangalia walio mbele yake na walio kwenye skrini kwa wakati mmoja. Katika kozi mseto ya kawaida mwanafunzi hachagui. Siku ya darasani ni ya darasani kwa wote.

Sasa tuingie ndani ya juma moja la fizikia ya mwaka wa kwanza. Mada ni mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendokasi hubadilika kila sekunde. Zamani kulikuwa na mihadhara miwili. Katika kozi mseto mmoja umeondolewa kwenye ratiba, na nafasi yake imechukuliwa na video mbili fupi, moja ya dakika saba na nyingine ya dakika tisa, kurasa chache za kusoma, na swali moja la kujibiwa kwa sentensi mbili kabla ya Jumanne usiku: jiwe limerushwa juu wima, pale kileleni, kabla halijaanza kushuka, mchapuko wake ni kiasi gani? Jumatano asubuhi mhadhiri anafungua majibu. Wengi wameandika sifuri, kwa maelezo kwamba jiwe limesimama. Kwa hiyo kabla hajakanyaga ukumbini ameshajua kuwa darasa lake linachanganya mwendokasi na mchapuko. Alhamisi wanapokutana anaandika swali lilelile ubaoni, anawaweka wawili wawili, aliyejibu sifuri na aliyejibu 9.8, ambao ndio mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, na kuwapa dakika tano za kubishana. Kelele zinapanda. Kisha msichana wa safu ya nyuma anamwambia mwenzake, kwa sauti ambayo wengi wanaisikia, kwamba mchapuko ungekuwa sifuri jiwe lingebaki linaning'inia hapohapo hewani. Unaona kalamu zikianza kukata majibu ya mwanzo.

Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuwapa wanafunzi wa fizikia mijadala ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kugundua kuwa waliweza kukokotoa kwa kanuni huku wakishindwa maswali mepesi ya dhana. Mtandao umerahisisha jambo moja kubwa: maelezo ya awali, ambayo mtu anaweza kuyasikiliza peke yake, kuyasimamisha na kuyarudia, hayali tena muda wa kukutana. Maabara hufuata mantiki hiyohiyo. Taratibu za usalama na jinsi kifaa kinavyofanya kazi husomwa nyumbani. Kukishika kifaa chenyewe hakuna mbadala wake.

Je, masomo mseto yanafaulisha? Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa uchambuzi wa tafiti nyingi uliokuta kwamba wanafunzi wa kozi mseto walifanya vizuri kiasi kuliko wa darasani peke yake. Waandishi wake wenyewe walitahadharisha kuwa wanafunzi hao mara nyingi walipata pia muda zaidi wa kujifunza na vifaa vya ziada, kwa hiyo sifa haiwezi kupewa teknolojia yenyewe. Nauchukulia uangalifu huo kwa uzito. Kinachomsaidia mwanafunzi ni muda zaidi kwenye kazi na mwalimu anayejua mapema alipokwama. Mseto uliopangwa vizuri huleta vyote viwili, uliopangwa ovyo hauleti hata kimoja.

Hapa ndipo upanuzi unapokuwa kazi nzito. Chuo chenye kozi mseto tano kinapotaka kuwa nazo hamsini, utawala huona kwanza vyumba, na una haki. Kozi mbili zikikutana mara moja kwa juma badala ya mara mbili, zinaweza kupokezana ukumbi mmoja. Lakini ukumbi wenye viti vilivyokazwa sakafuni vikitazama mbele ulijengwa kwa mihadhara, nao ni mahali pabaya pa kubishana wawili wawili.

Gharama kubwa zaidi ni muda wa wahadhiri. Kuisanifu kozi upya huchukua miezi, na chuo kisipompunguzia mhadhiri mzigo wa kufundisha katika kipindi hicho, atafanya kile ambacho mtu yeyote aliyechoka angekifanya: ataacha mihadhara ilivyo na kurundika video na mazoezi juu yake. Walimu wa fani hii huita matokeo yake kozi na nusu. Mwanafunzi anasajili krediti tatu na kufanya kazi ya nne na nusu. Mradi wa Carol Twigg nchini Marekani, uliozinduliwa mwaka 1999 na kusaidia vyuo 30 kuzisanifu upya kozi kubwa, ulishikilia kanuni ambayo naiona sahihi: inasanifiwa kozi nzima, pamoja na wahadhiri wote wanaoifundisha, ili kazi nzuri isiondoke na mtu mmoja anapohama.

Upande wa mwanafunzi kuna intaneti, na bando si bure. Video iwe fupi, ipakulike kwa ukubwa mdogo, iwe na maandishi chini yake kwa asiyesikia vizuri, na kila video iwe na andiko linaloweza kusomwa badala yake. Maabara za kompyuta chuoni zibaki wazi hadi usiku.

Halafu kuna ratiba, jambo ambalo halionekani mpaka kozi mseto ziwe nyingi. Kila idara ikijichagulia siku yake, mwanafunzi mwenye kozi tano atakuja chuoni siku tano, kila siku kwa saa moja, na nauli ileile. Ubaya zaidi ni pale darasa la ana kwa ana linapoisha saa nne na kipindi cha mtandaoni cha kozi nyingine kinaanza saa nne na dakika kumi, naye yuko kwenye korido akitafuta kona tulivu yenye soketi. Kwa hiyo siku za kukutana hupangwa kwa programu nzima ya shahada, mwaka kwa mwaka, na huandikwa kwenye ratiba kabla usajili haujafunguliwa, ili anayeishi mbali ajue mapema kwamba atasafiri Jumatatu na Alhamisi tu.